Barua pepe, wakala au programu: uajiri kwa njia ipi bila kujitia matatani?

Mwombaji mmoja tuliyemkataa aliwahi kuniandikia ombi la mistari miwili. Hakulalamika wala hakutishia kwenda mahakamani. Alitaka nakala ya kila taarifa tuliyokuwa nayo kumhusu, pamoja na yale tuliyoandika siku ya usaili. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, kumbe ilinichukua siku kumi na moja. CV yake ilikuwa kwenye masanduku sita ya barua pepe, kwenye lahajedwali mbili zenye majina yanayokaribiana, kwenye simu ya msaili mmoja aliyeipiga picha ili aisome njiani, na kwenye droo, ikiwa imechapishwa. Pembeni mwa nakala hiyo ya karatasi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "ana watoto wadogo."

Maneno hayo matatu yalinionyesha kwamba hatari mbili za kuajiri hutembea pamoja. Moja ni ya faragha: taarifa za mtu zimetapakaa mahali ambapo wewe mwenyewe hukumbuki. Nyingine ni ya ubaguzi: kilichotapakaa kinaweza kuwa ushahidi kwamba ulimpima mtu kwa jambo lisilohusiana na kazi. Ukiidhibiti ya kwanza, ya pili nayo hupungua, kwa sababu taarifa usiyoikusanya haiwezi kukushawishi siku ya uamuzi wala kusomwa mbele ya hakimu baadaye.

Tangu hapo nimeajiri kwa njia zote tatu wanazotumia waajiri wengi: kupokea maombi kwa barua pepe na kuyapanga kwenye lahajedwali, kumkabidhi wakala wa ajira, na kutumia programu ya ajira inayokaa kwenye intaneti. Kila moja ina watu wanaoisifu kana kwamba inamaliza tatizo. Nitaziweka kando kwa kando, nikianza na jambo ambalo halibadiliki hata ukichagua ipi.

Mzigo haukabidhiwi

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimefanana sana siku hizi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ukizisoma moja baada ya nyingine utakuta mifupa ileile: kusanya kwa lengo lililo wazi, usizidishe, linda, usikae na taarifa kuliko inavyohitajika, na mwenye taarifa akiuliza, mjibu.

Sheria hizo pia hutofautisha anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na vipi na yule anayezishughulikia kwa niaba yake. Sheria ya Tanzania inawaita mkusanyaji na mchakataji. Mwajiri ni mkusanyaji. Akimlipa wakala amtafutie watu, au akilipia programu kila mwezi, bado ni mkusanyaji. Ankara ya huduma haihamishi jukumu, na waajiri wengi hulitambua hilo siku ambayo mambo yameshaharibika.

Kuna dhana nyingine potofu inayozikumba njia zote tatu: kuamini kwamba mwombaji akitia saini fomu ya ridhaa, basi mambo yamekwisha. Ridhaa ya mtu anayetafuta kazi ni dhaifu. Anayehitaji mshahara hana nafasi halisi ya kusema hapana, na wasimamizi wa Ulaya wamekuwa wakilisema hili waziwazi kwa miaka. Sababu iliyo imara zaidi kisheria ni kwamba mwombaji mwenyewe ameomba muingie kwenye hatua za kuelekea mkataba, kwa hiyo unahitaji taarifa zinazohusu hatua hizo. Ukijizoesha kuuliza "hii inanisaidia vipi kuamua kama ataiweza kazi?", fomu yako itafupika yenyewe. Hali ya ndoa itaondoka, na dini, na picha, na nambari ya akaunti ya benki ambayo waombaji mia wanaijaza ilhali utamlipa mmoja.

Barua pepe na lahajedwali

Njia hii inadharauliwa kupita kiasi. Ofisi inayoajiri watu watatu kwa mwaka haina haja ya kumwingiza mtu wa tatu kati yake na waombaji. Hakuna mkataba wa uchakataji wa kuandika, hakuna seva ya nchi nyingine ya kuulizia, hakuna mashine inayomkata mtu kabla hujamwona. Taarifa zinapita mikononi mwa watu unaowajua kwa majina.

Udhaifu wake ni nakala. Kila ukimsambazia mwenzako barua pepe yenye kiambatisho, umezaa CV nyingine. Mwenzako akiipakua kwenye kompyuta ya nyumbani, umezaa ya tatu. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Ni mazoea ya kazi tu. Lakini siku ya kufuta, unafuta yako na kuamini umemaliza.

Lahajedwali nayo huficha mambo. Mwezi Agosti 2023, Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la kawaida la taarifa za umma kwa kutoa lahajedwali iliyokuwa na karatasi ya ndani iliyofichwa. Ndani yake mlikuwa na majina ya ukoo, vyeo na majukumu ya maafisa na wafanyakazi wote 9,483. Katika eneo lenye historia ya mashambulizi dhidi ya polisi, hilo lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Mwaka uliofuata mamlaka ya faragha ya Uingereza iliwatoza faini ya pauni 750,000. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Ni karatasi ya ndani ambayo haikuonekana, kwenye faili ambalo watu kadhaa walilipitia.

Tatizo la pili ni maandishi ya pembeni, kama yale ya kwenye droo yetu. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa kampuni ya mavazi ya H&M. Wasimamizi wa kituo chao kimoja huko Nuremberg walikuwa wakiandika yale waliyosikia kutoka kwa wafanyakazi: ugonjwa uliomweka mtu nyumbani, matatizo ya familia, hata mambo ya dini. Maandishi hayo yalikaa kwenye hifadhi ya pamoja ambayo mameneja hadi 50 waliweza kuisoma. Mwezi Oktoba 2019 hitilafu ya mipangilio ikayafungua kwa kampuni nzima kwa saa kadhaa, na ndipo siri ilipofichuka. Mwaka 2020 mamlaka ya faragha ya Hamburg ikatoza faini ya euro milioni 35.3. Hao walikuwa wafanyakazi tayari, si waombaji, lakini tabia huanzia kwenye usaili. Msaili anayeandika "anaonekana mgonjwa" leo ndiye meneja wa kesho.

Kwa hiyo njia hii inafaa ukiitia nidhamu: anwani moja ya barua pepe ya ajira tu, folda moja yenye ruhusa ya watu wachache, hakuna kusambaza viambatisho, na fomu ya usaili yenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji bila nafasi kubwa ya maoni huru. Bila hivyo, inakuwa hatari sana, hasa kwa sababu inaonekana haina hatari.

Wakala wa ajira

Uzuri wa wakala ni kwamba hupokei rundo. Badala ya CV mia mbili unaona tano, na zile mia na tisini na tano hazikuingia kwako kabisa. Taarifa usiyo nayo haivuji kutoka kwako. Kwa nafasi nyeti, kama unapotafuta mtu wa kumrithi mkurugenzi ambaye bado hajatangaza kuondoka, ukimya wa wakala una thamani ambayo njia nyingine hazina.

Lakini uhusiano wake kisheria ni mgumu kuliko unavyodhani. Wakala mwenye dimbwi lake la waombaji, anayeamua mwenyewe amweke nani na kwa muda gani, si mchakataji wako tu; naye ni mkusanyaji kwa upande wake. Mwombaji mmoja anakuwa na wakusanyaji wawili, na kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ndiye aliyemweleza taarifa zake zinakwenda wapi. GDPR inasema ukipata taarifa za mtu kutoka kwa mwingine, unapaswa kumjulisha mwenyewe ndani ya mwezi mmoja. Waajiri wengi nilioongea nao hawajawahi kumwandikia mwombaji barua hiyo, wakiamini ni kazi ya wakala.

Kuna mtego mwingine: maagizo. Mwajiri hupiga simu na kusema, "usiniletee mtu mzima sana", au huandika "tunapendelea kijana wa kiume". Anadhani ubaguzi, kama upo, utakuwa wa wakala. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inaliita hilo kosa lenyewe: kumwagiza mwingine abague. Na agizo likiwa kwenye barua pepe, umeshaandika maelezo ya mashtaka kwa mkono wako.

Ukaguzi wa historia ya mtu ndipo wakala wanapotofautiana sana kwa ubora. Marekani ina sheria ya mwaka 1970 kuhusu ripoti za wateja, ambayo inagusa pia ajira. Ukimwajiri mtu wa nje akuletee ripoti ya mwombaji, lazima umjulishe kwa waraka unaojitegemea na upate kibali chake cha maandishi. Kisha, kabla ya kumkataa kwa sababu ya ripoti hiyo, umpe nakala yake pamoja na muhtasari wa haki zake. Naipenda kanuni hiyo hata mahali isipotumika. Watu wanafanana majina. Rekodi za mmoja hubandikwa kwa mwingine, na yule anayekosa kazi kwa deni la mtu mwingine hajui kamwe kwa nini simu haikupigwa.

Kabla ya kumpa wakala kazi, muulize: "Taarifa za waombaji nisiowachukua zitakaa wapi na hadi lini, je utawapeleka kwa wateja wengine, na zikivuja utaniambia baada ya saa ngapi?" Sheria ya Kenya inamtaka mchakataji amjulishe mkusanyaji ndani ya saa 48 pale inapowezekana, naye mkusanyaji awe amemjulisha Kamishna wa ulinzi wa taarifa ndani ya saa 72 tangu ajue. Kama mkataba wa wakala wako hautaji muda wowote, taarifa zinaweza kuwa zimevuja muda mrefu kabla hujaambiwa. Wakala akikwepa maswali haya, tafuta mwingine.

Programu ya ajira

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayokua na ndiyo yenye faida na hatari kubwa zaidi.

Faida kwanza. Programu nzuri inaweka CV mahali pamoja na kuwapa wasaili ruhusa ya kuiona badala ya nakala. Inaandika nani alifungua nini na lini. Unaweza kuiamuru ifute maombi yenyewe muda ukifika. Lile ombi la siku kumi na moja, kwenye programu tunayotumia sasa, ni kazi ya dakika kumi. Kwa upande wa haki ya mwombaji kuona taarifa zake, barua pepe na wakala haviikaribii.

Hatari yake ya kwanza ni kwamba mayai yote yako kapu moja, na kapu si lako. Mwaka 2025 watafiti wa usalama waliingia kwenye mfumo wa kuajiri ambao kampuni ya Paradox.ai iliwatengenezea McDonald's, kwa kutumia akaunti ya zamani ya majaribio. Nenosiri lake lilikuwa 123456. Kupitia hapo waliweza kufikia mazungumzo na mawasiliano ya waombaji. Mtu aliyeomba kazi ya zamu kwenye mgahawa hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba nambari yake ya simu ililindwa na tarakimu ambazo mtoto angezikisia. Ndiyo maana kabla ya bei na mwonekano, muulize muuzaji: taarifa zinahifadhiwa nchi gani, nani kati ya wafanyakazi wenu anaweza kuziona, akaunti za majaribio zinafungwaje, na mkataba ukiisha taarifa zangu zinatoka vipi.

Hatari ya pili ni mashine inayoamua. Kampuni ya iTutorGroup, inayofundisha Kiingereza mtandaoni, ilishitakiwa na tume ya usawa wa ajira ya Marekani mwaka 2022. Programu yake ilikuwa imepangwa kuwakataa wanawake wenye miaka 55 na kuendelea na wanaume wenye 60 na kuendelea. Waombaji zaidi ya 200 waliokuwa na sifa walikatwa hivyo. Jambo lilijulikana baada ya mwombaji mmoja kutuma maombi mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa. Lile la kijana likaitwa kwenye usaili. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola 365,000. Tazama jinsi programu inavyokata pande mbili: kumbukumbu zilezile zinazokusaidia kumjibu mwombaji ndizo zinazothibitisha ulivyomkata.

Hapo kulikuwa na amri iliyo wazi. Kuna ubaguzi usioandikwa na yeyote. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon ilikuwa imeachana na zana yake ya kupima CV baada ya kugundua inawashusha wanawake. Ilikuwa imejifunza kutokana na CV za miaka kumi, nyingi zikiwa za wanaume, ikahitimisha kwamba kuwa mwanaume ni dalili ya kufaa. Nani angeiuliza kwa nini?

Sheria zimeanza kuifuata mashine. GDPR, katika ibara ya 22, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na sheria ya Kenya ina kifungu kinachoelekea hukohuko. Jiji la New York, tangu Julai 2023, linadai zana kama hizo zikaguliwe kuhusu ubaguzi kila mwaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde, ya mwaka 2024, inaziweka zana za kuchuja waombaji katika kundi la hatari kubwa, na imepiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za watu kazini isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Muuzaji akikuonyesha kamera inayopima "ari" ya mwombaji usoni, funga mazungumzo.

Kando kwa kando, mahali panapouma

Mwombaji akiomba taarifa zake, programu inashinda kwa mbali. Chini ya GDPR una mwezi mmoja wa kujibu. Kwa barua pepe utajibu ukijua umesahau nakala fulani, na kwa wakala utajibu nusu, kisha umsubiri yeye alete nusu yake.

Taarifa zikivuja, barua pepe ndiyo yenye eneo dogo la madhara lakini huenda usigundue kabisa. Programu huwa na eneo kubwa, ila kuna kumbukumbu za kuonyesha kilichotokea. Wakala anategemea uaminifu wake.

Muda wa kufuta ndio unaowachanganya watu, kwa sababu sheria huvuta pande mbili. Mwajiri wa Marekani anatakiwa kutunza kumbukumbu za maombi kwa mwaka mmoja. Ujerumani inampa anayedai amebaguliwa miezi 2 ya kuwasilisha dai, ndiyo maana waajiri wengi huko hufuta baada ya miezi michache tu. Mamlaka ya Ufaransa, CNIL, inashauri CV zisikae kwenye dimbwi zaidi ya miaka 2 tangu mawasiliano ya mwisho. Kwa hiyo anayefuta siku ya kukataa amekosea, na anayetunza milele "kwa ajili ya nafasi zijazo" amekosea pia. Tafuta muda wa madai ya ubaguzi katika nchi yako, ongeza wiki chache za usalama, uandike kwenye tangazo la kazi. Programu itautekeleza yenyewe. Kwa barua pepe weka siku kwenye kalenda na jina la mtu atakayefuta. Kwa wakala, dai barua ya kuthibitisha.

Kuhusu maswali ya afya, njia haijalishi. Kinachojalisha ni lini. Marekani, kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na Uingereza kwa Sheria ya Usawa ya 2010, haziruhusu kwa kawaida kuuliza afya kabla ya kutoa ofa. Ni busara kufanya hivyo na kwa rekodi za uhalifu na ukaguzi wa madeni, kama kazi inauhitaji: toa ofa yenye masharti kwanza, kagua mmoja baadaye. Utakuwa umekusanya taarifa nyeti za mtu mmoja badala ya thelathini.

Uchague ipi

Ukiajiri watu wachache kwa mwaka na maombi ni ya kuhesabika, kaa na barua pepe yenye nidhamu niliyoieleza. Usishawishiwe kununua programu ambayo hakuna atakayeisimamia. Akaunti iliyosahaulika ni mlango wazi.

Maombi yakifika mamia, nunua programu, uzime kipengele kinachowakataa waombaji chenyewe. Iachie ipange na kukumbusha, na uamuzi wa kumwondoa mtu ubaki kwa binadamu atakayeweza kueleza sababu kwa sentensi moja. Hii ndiyo njia ninayoipendelea, na siifichi. Wakala mtumie kwa nafasi za kipekee au za siri, ukiwa na mkataba uliotaja kila saa na kila tarehe.

Njia ninayoiona mbaya kabisa ni ile ambayo hakuna aliyeichagua: programu imelipiwa, wakala analeta CV kwa barua pepe, na mkurugenzi anapokea za marafiki kwa WhatsApp. Ofisi nyingi zinaishi hapo. Jaribu kesho asubuhi: chukua jina la mwombaji wa mwisho mliyemkataa, angalia saa, kisha uanze kutafuta kila nakala ya taarifa zake. Hesabu hiyo itakuonyesha uko kwenye njia ipi kwa kweli.

Yule mwombaji wetu tulimtumia kila kitu, na ule ukurasa wa droo ukiwemo. Kulikuwa na mwenzangu aliyependekeza tuuchane kwanza. Nilikataa, kwa sababu kuharibu kitu baada ya kuombwa ni kosa kubwa kuliko lile la kukiandika. Nikaambatanisha barua ya kuomba radhi, na wiki hiyohiyo tukaanza kuandika fomu mpya ya usaili, isiyo na nafasi pembeni.